Mdudu Aliyepigiwa Vigelegele

Jua lilipotea tena, na ndani ya hadubini kukawa giza.

"Iko?" Filda aliuliza mlangoni.

"Bado, mama. Wingu."

Tahiru, mpimaji wa zahanati, hakungoja. Aliikumbatia hadubini kama mtoto mchanga, kigae cha kioo na tone lake juu, akatoka nayo uani pa zahanati kutafuta mwanga. Maji ya tezi za shingo hayana subira: yakikauka, mdudu hufa, na aliyekufa ni vigumu kumwona.

Mume wa Filda, Draku, fundi baiskeli wa Koboko, alikuwa amelala kando ya ukuta mchana kweupe. Siku hizi alisinzia katikati ya neno, na akiamka huwarushia wateja spana. Shingoni palivuja pale Tahiru alipochoma sindano. Tezi nyingine zilikwisha kuchomwa, hazikuonyesha kitu.

Daktari wa Arua alikuwa amesema wazi: "Ukimwona mdudu, ni malale. Dawa ipo huku kwetu Arua, ingawa kali. Usipomwona, huenda ni ugonjwa mwingine wa ubongo, usio na mdudu wala dawa. Huo huthibitishwa mtu akishakufa, ubongo ukikatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi."

"Kichwa ya mutu si nyumba ya mdudu," alisema Onzima, kaka yake Draku, kamba begani. "Nipe ndugu yangu, mimi narudi naye nyumbani Ajia. Tutamfunga huko mpaka wazimu itoke."

"Ngoja, mzee. Na sogea kidogo, unaziba jua."

Onzima akasogea, akiguna.

Tahiru alikigeuza kioo cha chini mpaka mwanga ukapanda. Akapita mstari kwa mstari, kama apaliliaye karanga. Chembe. Chembe. Kisha chembe moja ikasukumwa. Akabana pumzi. Ikasukumwa tena, na nyuma yake kitu chembamba kikajinyonga, kikachapa mkia kama kambare kwenye tope.

"Iko!" Sauti yake ya upole ilipasuka. "Mama, iko! Iko natembea!"

Filda akapiga kigelegele. Wauza muhogo ng'ambo ya ua wakaitikia bila kujua wanaitikia nini.

"Nyinyi watu, mnashangilia ugonjwa?" Onzima alifoka, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu. "Ndogo hivi," akanong'ona. Kisha akakimbia barabarani kusimamisha lori la Arua.

Draku alifumbua jicho moja. "Baiskeli ya nani?"

"Yako," Filda alimwambia. "Lala."

Kamba ilibaki vumbini. Tahiru alirudisha jicho kwenye hadubini. Mkia ule ulikuwa bado unachapa, na wingu lingine lilikuwa linakaribia.