Aliyesikiliza Mabomba

Mlango wa stoo ulipogongwa, alikuwa amekaa juu ya ndoo ya kudekia iliyopinduliwa, akikamua maziwa ndani ya kikombe cha plastiki.

"Dada, Profesa anakuita," katibu muhtasi alisema kutoka nje. "Amesema sasa hivi."

Alifunga vifungo upesi, titi moja bado limejaa na linauma. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu ajifungue, na katika jengo zima la uhandisi, ghorofa nne, hakupata pa kujisitiri ila pale, kati ya mafagio.

Profesa alimpokea kwa bashasha.

"Karibu, mama! Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Basi furahi mara mbili. Utafiti umetoka." Akamsogezea jarida.

Ilikuwa kazi yake: programu ya kompyuta inayotambua, kwa sauti tu, bomba la maji linalovuja chini ya ardhi. Miaka miwili alizunguka mitaani na vifaa vya kusikilizia, akipiga magoti kwenye lami, mimba ikimtangulia, wapita njia wakimwita Daktari wa Mabomba. Mwandishi wa kwanza: Profesa. Wa pili: mhadhiri aliyeajiriwa wakati yeye yuko likizo ya uzazi. Jina lake mwenyewe alilikuta ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, chini ya la dereva. Alishukuriwa kwa kukusanya sauti.

"Profesa, programu hii nimeiandika mimi. Kila mstari."

"Nani kakataa? Lakini jarida liliuliza maswali, nani angejibu? Utafiti hausubiri mtu anyonyeshe."

"Mngenipigia simu."

"Tumsumbue mzazi?" Profesa alitikisa kichwa kama aliyetukanwa. "Sisi tuna utu, mwanangu."

Malalamiko ya watafiti yalipelekwa kwenye kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa. Kwa wengine, kesi ya nyani huamuliwa na ngedere. Yake ilikuwa na nyani mwenyewe kitini.

Hata hivyo aliandika barua. Hakujibiwa.

Siku tatu baadaye walikuja wageni kutoka wizara ya maji. Mhadhiri mpya aliwasha programu. Ramani ya mji ikajaa alama nyekundu.

"Mabomba yote haya yanavuja?" aliuliza mgeni mkubwa.

Mhadhiri akakohoa. Akabonyeza hapa na pale. Alama zikabaki vilevile.

"Ni mashine za kusaga nafaka," sauti ilimtoka yeye, aliyesimama kule nyuma, kabla hajaizuia. "Zinanguruma kama maji yanayovuja. Washa kichujio cha tatu."

Wekundu ukafutika, ikabaki alama moja. Wageni wakapiga makofi, Profesa akamshika mhadhiri bega.

"Na huyu mama," akawaambia, akicheka, "ndiye anayetukumbusha vitu vidogo vidogo."

Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Nafasi, barua ilisema, imeshajazwa.

Alipotoka na boksi la vitabu, alimkuta fundi juu ya ngazi kwenye korido, akihangaika na bango kubwa kuliko yeye. Siku ile, wageni walipoondoka, yeye aliketishwa mbele ya kompyuta akapigwa picha. Sasa alijiona bangoni, mkono juu ya kibodi, anatabasamu. Chini yake: WASICHANA, UHANDISI NI WENU.

Fundi hakumtambua.

"Samahani, dada, nishikie hiyo pembe ya chini. Lisije likakaa upande."

Aliweka boksi sakafuni, akashika.