Baada ya Marahaba

Eufrazia aliingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na saba, mjukuu mmoja, na magoti yasiyopenda ngazi. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa bibi shamba wa kijiji cha Mlali, akiwafundisha wakulima kupanda nyanya na kabichi kwa cheti chake kile kile cha ujanani. Mwajiri alipompa ruhusa ya kusoma shahada, alipanga chumba mtaa wa Kilakala, karibu na chuo, akanunua begi la mgongoni kama la vijana, na wiki nzima ya kwanza akajiona msichana.

Wiki ya pili usichana ukaisha. Shikamoo mama mlangoni, shikamoo mama maktaba, shikamoo mama kwenye foleni ya chipsi. Akikaa karibu na wenzake, mazungumzo yanakatika kana kwamba ameingia padri. Hata mwalimu wao, Hafidhi, aliyekuwa rika la mwanawe wa kwanza, alimwamkia kwanza ndipo akafungua kompyuta. Heshima ni kitu kizuri, hakuna anayebisha, lakini mtu akilishwa heshima tupu kutwa nzima atashinda na njaa.

Balaa lenyewe lilikuja siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi. Walikuwa watatu: yeye, Nasra na Luqmani, hao wawili wakiwa na miaka kumi na tisa kila mmoja. Eufrazia alipewa kukokotoa mbolea ya shamba la nyanya la ekari moja. Kitabu kilitoa kipimo cha hekta, ambayo ni kama ekari mbili na nusu. Yeye, aliyezungumza ekari na wakulima miaka yote, akakisoma kuwa ni cha ekari. Mifuko ya mbolea aliiona imezidi, tena sana. Ila akajiambia kitabu cha chuo kinajua kuliko Mlali, akasimama mbele ya darasa, akaisoma yote.

"Samahani, mama," Hafidhi alisema kwa upole, "kwa mbolea hiyo nyanya zitaungua zote."

Darasa halikucheka. Afadhali lingecheka. Alipogeuka aliwaona Nasra na Luqmani wameinamisha vichwa, akajua kwamba walikuwa wameliona kosa na wakamwacha asimame nalo.

Jioni ile aliandika barua ya kuacha chuo, akaikunja, akaitia kwenye begi. Wiki iliyofuata kulikuwa na kazi nyingine ya kikundi. Wakininyamazia tena, alijiapia, naipeleka. Aibu angeivumilia, kwani aibu haiui. Kilichomuuma ni upweke.

Kesho yake aliwakuta kwenye kibanda cha chai. Wote wawili wakainuka kumpisha kiti.

"Kaeni huko! Mliliona kosa langu?"

Luqmani akaanza kukoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Tuliliona tangu juzi, mama," Nasra akasema, machozi yakimlengalenga. "Ningeanzaje? Wewe ni sawa na mama yangu mzazi. Kwetu mtu mzima hakosolewi."

Hasira zilimpanda Eufrazia. Kisha akamkumbuka mzee Bonifasi, mkulima wa Mlali. Mwaka wake wa kwanza wa kazi, yeye akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, alimkuta mzee huyo amebananisha miche ya kabichi. Akaona haya kumwambia. Alimwamkia vizuri, akapita zake. Kabichi zikatoka kama ngumi za watoto. Mzee akamwita shambani, akamwonyesha tuta moja moja, kisha akasema, "Binti, heshima yako nimeiona. Haya, itie chumvi tuile."

Aliwasimulia. Luqmani alicheka mpaka chai ikampalia.

"Sasa nisikilizeni," Eufrazia akasema. "Shikamoo yangu siikatai, nimeitolea jasho. Lakini mnipe mara moja kwa siku. Nikishaitikia marahaba, kosa ni kosa, liwe la mama au la mtoto."

Waliitikia, lakini kuitikia ni rahisi.

Wiki iliyofuata walikutana maktaba asubuhi, huko nje milima imejifunika wingu. Kazi ilikuwa kukokotoa maji ya kumwagilia. Eufrazia alimsukumia Nasra daftari lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nasra akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili, akarudia. Akamtazama Luqmani, Luqmani akatazama dari. Eufrazia akashika zipu ya begi.

"Mama..." Nasra akaweka kidole kwenye daftari. "Huu ukurasa wa pili wote umekosea. Umesahau kutoa maji ya mvua."

Mtu wa Mlali, amesahau mvua! Eufrazia hakukumbuka kama amewahi kufurahi kiasi kile kwa kuambiwa amekosea. "Lete karatasi turudie," alisema.

Hakuna aliyekuwa nayo, na daftari lilikuwa limejaa. Akaingiza mkono kwenye begi, akaitoa barua, akaikunjua na kuilaza upande mweupe ukiwa juu.

"Mama, mbona hii ina maandishi huku nyuma?"

"Ya nyuma hayatuhusu. Andika."

Nasra akaandika. Luqmani naye, sasa kapata ulimi, akavuta daftari. "Na hii jumla ya ukurasa wa kwanza, mama, nayo haijakaa sawa."

"We Luqmani! Hata pumzi hunipi?" Eufrazia akasema, akasogeza kiti chake katikati yao.