Hodi Kando ya Mtungi

Jioni ya tatu ya mvua za vuli, Mfaume aliua buibui wa saba. Si hawa wadogo wa darini. Hawa walikuwa wakubwa kama kiganja, wana manyoya kama panya, na wote waliingia mlango uleule wakielekea kona ileile, penye mtungi wa marehemu mkewe, Siwema. Siwema alifia njiani akipelekwa zahanati ambayo wakubwa waliahidi kuileta karibu. Tangu azikwe, hakuna aliyeusogeza mtungi ule.

Kiangazi kilichopita jumbe Mwishehe alileta amri ya bomani: kichaka cha nyuma ya nyumba kichomwe, papandwe mihogo. Mfaume akauliza wadudu wa humo watakwenda wapi. Akachekwa.

Sasa binti yake, Mwanakheri, alikuwa amerudi Msimbu kwa baba yake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Mgongo ulimuuma, akawa analala chini, mkekani. Hatua nne kutoka mtungini.

"Baba, mwingine huyo!"

Mfaume akainua mchi, mkono ukagoma kushuka. Buibui alifika kando ya mtungi, akasimama, akagonga ardhi kwa miguu ya mbele. Akatulia. Akagonga tena, kama mgeni apigaye hodi.

Akaitikiwa. Udongo chini ya mtungi ukafumuka, likatoka jike jeusi, mara mbili ya dume, limetoa meno.

Mfaume akaelewa. Kumbe wale saba walikuwa wachumba tu! Mwenyeji ni hili jike, lililohamia humu tangu kichaka kiungue. Akausukuma mtungi kwa mchi ulifunike shimo. Ukapasuka, maji yakamwagika, jike likazama shimoni. Na shimo lilielekea mkekani.

"Inuka, mwanangu. Taratibu."

"Twende wapi na mvua yote hii?"

"Kwenye saruji."

Nyumba ya jumbe peke yake ndiyo iliyokuwa na sakafu ya saruji. Mwishehe alitoka barazani na kanzu yake.

"We Mfaume! Mwanamume mzima unakimbia buibui?"

"Nakimbia. Uliwatoa kwao wakaja kwangu, na mimi nimekuja kwako." Akatandika mkeka mlangoni. "Mjukuu wangu atazaliwa hapa. Kawaambie bomani."

Jumbe alifungua kinywa amfukuze. Kisha akamwona Mfaume anavyogeuka kuikagua njia waliyopita. Akaitazama ardhi iliyolowa, akaipandisha kanzu yake kidogo, akawapisha.