Posa Yenye Maelezo Mengi

Houssein alikuwa na adabu hadi ndani ya kompyuta. Katika ofisi yao ndogo ya Gitega, walikotengeneza programu ya duka la vitenge, hakuandika mstari wa amri za kompyuta bila kuutangulizia maelezo ya kusomwa na watu tu: asalaam aleikum ndugu msomaji, samahani kwa usumbufu, mstari unaofuata, inshallah, utajumlisha bei. Mwenzake Zuena, ambaye ndiye aliyekagua kazi hiyo, ilimbidi aitafute hesabu humo kama anayechambua mchele wenye mawe.

"We Houssein," alimwambia siku moja, "kila kitu ukikipa jina lake, ukaacha nafasi mtu apumue, kinajieleza chenyewe. Ukieleza sana, mtu anajiuliza unaficha nini."

Houssein hakubishana, maana alimpenda mno. Lakini moyoni alisema, makubwa haya! Mtu uingie kwa watu bila hodi?

Basi alipokwenda kumposa kwao Muyinga, mshenga alimchagua mwenye maneno: baba yake mdogo, Radjabu. Masikini, hakujua anachokitafuta.

Radjabu alianza na ukoo, akapitia mbuzi wa marehemu babu, kisha akasema kijana wao hanywi pombe. Hakuna aliyeuliza. Akaongeza kwamba kile kichaa cha upande wa mama kiliishia kwa mama yake mkubwa. Na hayo maneno ya mke huko Bukirasazi, akasema, ni uzushi mtupu.

Uzushi gani tena? Hakukuwa na uzushi wowote! Radjabu alikuwa anajaza tu. Mzee Uthmani, baba yake Zuena, akaweka kikombe cha kahawa chini. Wajomba wakatazamana. Mchumba alikuwa anamponyoka Houssein hivi hivi, anaona. Radjabu akavuta pumzi ili aendelee; kijana, jamani, akamshika mkono kumnyamazisha, akasimama mwenyewe. Posa gani hiyo, mposaji anajisemea!

"Mzee, mi ni Houssein," akasema. "Nampenda Zuena. Nimekuja kumuoa. Sina mke Bukirasazi."

Mzee Uthmani akageukia pazia, upande waliokaa wanawake, akamuuliza binti yake kama amesikia.

"Nimesikia, Baba," Zuena akajibu. "Huo mstari wa mwisho aufute. Iliyobaki naikubali."