Mtungi wa Mfalme

Darasa la Kigiriki cha kale lilikuwa mwisho wa korido, jirani na vyoo, na wanafunzi walikuwa wanne. Utaratibu haukubadilika: unasoma kwa sauti kwanza, ndipo unatafsiri. Mwalimu, mzee mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, alisema shairi lisilosomwa kwa sauti ni maiti.

Muhula ule walisoma shairi la mtungi wa mfalme. Mshairi aliusifia mtungi mistari ishirini: mpini, rangi, farasi waliochorwa shingoni. Kisha mjakazi anauangusha, na katika mstari wa mwisho anatupwa kisimani.

Walipolisoma mara ya kwanza, mjakazi mwenyewe, yule wa shairini, aliingia kwa mlango, akasimama mbele ya ubao, na mstari wa mwisho ulipotamkwa akazama sakafuni. Kipindi kilichofuata alirudi amelowa chapachapa, akaketi nyuma kungoja.

"Mwalimu, huyu mtu wako ananiozeshea sakafu," mfagiaji alilalamika.

"Weka ndoo, mama."

Mwanafunzi mmoja, msichana waliyemwita Kiberiti kwa hasira zake za karibu, alimuuliza mjakazi jina. Mjakazi alifungua mdomo, jina halikutoka.

"Mshairi hakumpa," mwalimu alisema. "Turudi kwenye mpini."

Zamu ya Kiberiti ilipofika, alisoma mpaka mstari wa kabla ya mwisho, akafunga kitabu. Mjakazi akabaki wima mbele ya ubao, anatetemeka.

"Malizia bwana, tuna njaa," mwenzake alisema. "Kwani si alishakufa zamani huyo?"

Mwalimu aliusoma mwenyewe mstari wa mwisho. Akamwambia Kiberiti kwamba kwenye mtihani wa kusoma hakuna wa kumsaidia, na akianguka somo hili, chuo basi.

Jioni Kiberiti alimpigia simu mama yake, fundi cherehani.

"Mwanangu, lugha ambayo hata wafu wameiacha, utaongea na nani? Lakini umeshaingia. Usirudi mikono mitupu."

Siku ya mtihani alisoma vizuri mistari yote ishirini, na ule wa kuangusha. Akaishia hapo. Mwalimu alishika kalamu. Mjakazi alisimama mbele ya ubao, maji yakimchuruzika, na meno yakimgongana.

Kisha akasema kitu kwa lugha yake, na Kiberiti akakielewa bila kamusi, sentensi ya kwanza kuielewa hivyo tangu aanze chuo.

"Malizia, dada. Huku kusimama kunanichosha kuliko kisima."

Kiberiti alisoma mstari wa mwisho. Hakukosea hata silabi. Mjakazi akazama, maji yakaruka mpaka kwenye meza ya mwalimu.

"Safi sana," mwalimu alisema, akifuta karatasi yake kwa mkono wa shati. "Sasa tueleze uzuri wa mtungi."

Kiberiti alieleza. Alianza na mpini, akaja kwenye rangi, na alipofika kwa farasi, mwalimu alifumba macho kwa raha.