Waliotazama Kushoto

Felicitas alihesabu macho ya sokwe kwa miezi saba, hadi akawa anayaota. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kwenye hifadhi ndogo kisiwani, mwendo wa saa moja kwa boti kutoka Muleba, sokwe kumi na wawili walioneshwa nyuso za watu kwenye skrini huku kamera ikiwarekodi. Yeye, ofisini Bukoba, aliirudisha video polepole na kuandika kama jicho lilikimbilia kwanza kushoto au kulia. Bosi wake, Dk. Mwijage, alishikilia kwamba sokwe akiguswa moyoni hutazama kushoto, kwa kuwa hisia hukaa upande wa kulia wa ubongo, nao ndio unaotawala upande wa kushoto.

Na kweli walitazama kushoto, mara tisa kati ya kumi. Dk. Mwijage alifurahi kama mtu aliyepata pacha.

Siku Felicitas alipovuka mwenyewe kwenda kisiwani, alimkuta Haidari, mlishaji, amesimama mkono wa kushoto wa sokwe na ndoo ya ndizi.

"Siku zote unasimama hapo?"

"Nisimame wapi? Kule kuna jua."

Akarudi na habari hiyo. Dk. Mwijage akavua miwani.

"Felicitas, wewe ni mtu wa Kanazi, umezaliwa migombani. Ukimwona sokwe unaona ndizi. Mimi naona ubongo."

"Lakini waitu Daktari," alisema kwa heshima ya Kihaya, "sokwe naye anaona ndizi."

Alirudishwa kuhesabu.

Baada ya hapo Daktari alialikwa redioni. Mtangazaji alipomchangamkia, sokwe wakageuka binadamu, na hisia zikageuka hatia: mwongo, alisema, hutazama kushoto. Felicitas alisikiliza akijua vizuri kwamba hakuna sokwe aliyewahi kuulizwa habari za wizi. Lakini mchungaji mmoja wa Kimwani naye alisikiliza, na spika ya kanisa lake ilikuwa imepotea wiki mbili. Akapiga simu.

Jumamosi asubuhi wakafika Kimwani. Kiti kikawekwa mbele ya madhabahu, Felicitas akashika kamera. Wa kwanza kukalishwa alikuwa Elieza, fundi baiskeli na mwimba besi, kwa kosa la kuwa ndiye aliyefunga mlango wa kanisa siku ile.

"Spika iko wapi?"

"Sijui." Macho yakaenda kushoto.

"Uliiona lini mara ya mwisho?"

Kushoto tena.

"Upande wa kulia wa ubongo wake unachemka," Daktari akawatangazia waumini. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mke wa Elieza akajifunika uso kwa kitenge.

Mkataba wa Felicitas ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na anayeufanya upya alikuwa amesimama hapo hapo. Kushoto mwa kiti, mlango wa ubavuni ulikuwa wazi, na nje akina mama walikuwa wakifunua sufuria za ebitooke, ndizi za kupika, za wageni.

"Waitu Mchungaji," alisema, "naomba nawe ukae. Kwa kulinganisha tu."

Daktari alimkazia macho, lakini Mchungaji alikwishakaa, mtu asiye na la kuficha. Felicitas akamuuliza kama amebatizwa.

"Ndiyo," akajibu, macho yakielekea sufuriani.

"Mchungaji naye anahusika?" akauliza mama Annastella, mzee wa kanisa, kwa sauti ya upole kabisa. Watu wakakohoa ili wasicheke. Akakaa yeye pia, kisha wengine watatu. Wote kushoto.

Daktari aliandika taratibu. "Hali ni mbaya kuliko nilivyodhani," akasema. "Kanisa hili lina hatia kubwa."

Hapo simu ya Mchungaji ikaita. Alikuwa mwinjilisti Julius, kutoka Izimbya: aliiazima ile spika kwa harusi ya mpwa wake, akasahau kuaga. Je, airudishe na waya wake? Mchungaji akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana asifiwe," kisha akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Daktari alikula vizuri.

Makala yake ilitoka baada ya miezi mitano. Kwenye jedwali, chini ya sokwe kumi na wawili, uliongezwa mstari: Walutheri sita, wote kushoto. Felicitas akaenda kumwomba aondoe jina lake.

"Jina lako?" Daktari alishangaa. "Halimo."

Kimwani nako hakuna aliyemwomba Elieza radhi. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe, tena kwa spika. Elieza alimsikiliza mpaka baraka ya mwisho, akampa mkono mlangoni, na Jumapili iliyofuata akaenda kuimba besi kwa Wakatoliki, waliompokea bila kumuuliza swali hata moja.