Nyumba Zilizokuja Kukaguliwa na Bashasha

Mama Elirehema, jirani ninayepakana naye ukuta, anaapa kwamba alfajiri alikiona chumba changu kikirudi. Anasema kilikuja ubavu-ubavu kama kaa, kikajibana mahali pake, kikanyamaza.

"Nashipai," aliniambia, mswaki ukiwa mdomoni, "safari nyingine uniage. Uji wangu wote umemwagika."

Sikumbishia. Usiku huo nilikuwa nimeota jambo linalokaribiana na hilo.

Ndotoni nipo langoni kwa Bi Fortunata, ninakotunza farasi. Nimemfuata Bashasha, farasi jike mdogo anayefundishwa kutembea kwa madaha: kwenda kimshazari, kugeuka polepole, kusimama miguu minne sawasawa. Mgongo wa Bi Fortunata umechoka, hawezi tena kumpanda, kwa hiyo Bashasha anatafutiwa makao mapya. Shida ni kwamba anapenda mchezo. Kila mnunuzi aliyekuja alivuliwa kofia, akaondoka amenuna.

Langoni limeketi toroli la samadi.

"Sauti," linasema.

"Sauti gani?"

"Yako. Kwenye mchezo huu hakuna kusema na farasi kwa mdomo. Ndiyo sheria. Itundike pale."

Naitoa sauti yangu, naitundika msumarini kando ya hatamu. Ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Uwanjani, Bashasha ameketi kwenye meza ya mwamuzi, amevaa kofia ya mnunuzi wa juzi. Leo anayetoa alama ni yeye. Wanaocheza ni nyumba.

Inaingia nyumba ya ghorofa. Inakwenda vizuri, ila kwenye kona haijipindi.

"Ndani yako kuna nani wa kucheza naye?" anauliza Bashasha.

"Kuna zulia."

"Linakimbia?"

"Halijawahi hata kukanyagwa."

"Nne kwa kumi."

Linafuata banda la kisasa, lenye maji yanayojileta yenyewe. Linasimama sawasawa kwa pembe zake zote.

"Kwangu farasi hutulia," linasema, "mpaka watu husahau kama yupo."

Bashasha analaza masikio. "Tatu. Na utokee ulikoingilia."

Kisha kinaingia chumba changu. Natamani kujificha. Bati moja limeinuka, kanga zangu bado ziko kwenye kamba, ndoo inagonga-gonga ndani. Kinakwenda kimshazari kwa bidii sana. Nyuma yake anakimbia Mama Elirehema na sufuria ya uji.

"Huo ukuta ni wetu sote! Urudishe!"

"Mama, tulia kidogo," chumba kinamwambia. "Wanatoa alama."

Bashasha anakitazama juu mpaka chini. "Mlango mwembamba. Paa liko chini. Nyasi hakuna. Humu siingii hata nikipita kwa ubavu."

Chumba kinainamisha bati.

"Lakini anayekaa humu," anaendelea, "nikimwibia brashi hugeuka ukutani akahesabu mpaka nimalize kuificha. Halafu anaitafuta kila mahali, na huku ameshaiona. Hawa wengine hawalijui hilo. Waambie, dada."

Nafungua mdomo. Hakitoki kitu.

Nakimbilia langoni, na lango ni darasa langu la saba. Ubaoni herufi zimeandikwa kama zilivyopangwa uwanjani kumwonyesha farasi pa kugeukia, A, K, E, H, na hakuna anayesahihisha. Wanafunzi wote ni farasi, wanaimba hesabu ya mara mbili. Sauti yangu imetundikwa kando ya kengele. Nanyoosha kidole. Mwalimu, ambaye ni toroli lile lile, ananitazama.

"Muda wote ulikuwa wapi?" linasema. "Chukua."

Naitia mdomoni. Ina ladha ya pumba.

Nikaamka. Nilipofungua mlango niliona mchanga mweupe chini ya ukuta. Mtaa wetu mzima una udongo mwekundu. Mchanga wa namna ile uko uwanjani kwa Bi Fortunata tu. Ulikuwa umeganda upande mmoja wa chumba, ule ambao ndotoni kilikuwa kikiuendea. Ndipo Mama Elirehema alipotokea na mswaki wake.

Nilichota mchanga kidogo nikautia mfukoni, nikaenda kazini.

Asubuhi hiyo alikuja mnunuzi, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya ukili. Hata salamu hazijaisha, Bashasha akamvua kofia. Bi Fortunata akafumba macho.

Mimi kwa kawaida husimama pembeni tu. Safari hii nikaingiza mkono mfukoni, nikaushika ule mchanga.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Usimnyang'anye. Geuka ukutani uhesabu, ataificha mwenyewe. Kisha uitafute. Siku akichezewa hivyo hutembea vizuri, utapenda. Na kama kwako wanahitaji mtunzaji, naomba unichukue na mimi."

"Nashipai!" akasema Bi Fortunata.

Yule mama aliweka mkoba wake chini, akageuka ukutani, akaanza kuhesabu.